Kitufe kilipotangulia kimo: kisa cha kughairi kutua Malindi kwa GPS

Kilichobadilishwa na kilichoachwa

Marubani wawili wa kisa hiki wameyasoma maandishi haya na kuridhia yatolewe. Mwaka, kampuni, aina kamili ya ndege na majina ya nukta, yaani alama za njia zilizo kwenye chati, nimeyaondoa. Vimo vya kwenye chati nimevigeuza, kwa hiyo asitokee mtu akavinakili na kwenda kurukia navyo. Chati ya kurukia ni ile ya mamlaka, toleo linalotumika siku hiyo. Hawa wawili nitawaita Kapteni na Msaidizi.

Sikugusa mfuatano wenyewe: nani alifanya nini, ndege ikiwa juu au chini kiasi gani ya vimo hivyo, na skrini ikionyesha nini wakati huo.

Hali ilivyokuwa

Mei, masika yamekolea na kusi limeshaanza kusukuma. Mwezi huo mawingu huingia Malindi kutoka baharini yakiwa chini, mvua inapiga kwa nguvu kwa dakika chache, inakatika, jua linachungulia, halafu wimbi jingine linafuata. Ukiruka juu unayaona maji ya Sabaki yakimwagika baharini na kuyafanya maji ya kaskazini ya mji kuwa mekundu kwa umbali mrefu. Ripoti ya hali ya hewa ya saa nzima haina maana sana siku kama hiyo, kwa sababu uwanja unaweza kufungika na kufunguka mara mbili kabla ripoti ya pili haijatoka.

Ndege ilikuwa na injini moja ya tabo, magurudumu yasiyokunjwa, na viti tisa vya abiria vyote vimejaa. Ilitoka Wilson, Nairobi, kwenda Malindi, kama maili 228 za baharini kwa mstari ulionyooka. Uwanja wa akiba ulikuwa Moi, Mombasa, maili 57 kutoka Malindi, ambako mawingu yaliripotiwa kuanzia futi 2,000 na mwono ulikuwa mzuri. Mafuta yalitosha kufika Malindi, kwenda Mombasa, akiba ya kisheria, na kama nusu saa ya ziada. Hesabu ya mafuta ilipigwa vizuri, na baadaye utaona ilivyowasaidia.

Jambo jingine halikuandikwa kwenye karatasi yoyote. Abiria mmoja alikuwa anawahi maziko. Kabla ya kupanda alimshika Kapteni mkono akamwambia, "Kapteni, tunazika baada ya adhuhuri, tufikishe." Kapteni anasema hakuliwaza tena jambo hilo angani. Msaidizi anasema yeye aliliwaza mara kadhaa.

Kifaa na chati

Kwenye paneli kulikuwa na GPS moja ya kizazi cha Garmin GNS 430, kifaa kilichoingia sokoni mwaka 1998 na ambacho bado kimejaa kwenye ndege ndogo za Afrika Mashariki. Hifadhidata ilikuwa ya mzunguko wa siku 28 unaotumika. Utabiri wa RAIM, yaani kama setilaiti zitatosha kwa kifaa kujikagua chenyewe, ulikuwa mzuri kwa saa ya kufika.

Huku kwetu hatuna huduma ya setilaiti za kusahihisha ishara kama WAAS ya Marekani au EGNOS ya Ulaya. Kwa hiyo kifaa kama hiki kinakupa mwongozo wa kulia na kushoto peke yake. Hakuna sindano ya kukushusha. Kimo chote ni kazi ya rubani na geji yake. Katika ndege hii, tena, kompyuta ya GPS haikuwa imeunganishwa na geji ya kimo kwa namna ya kujua kama ndege iko futi 500 au futi 5,000. Kishike hicho, maana ndicho kiini cha kisa.

Njia ya kushukia ilitoka kaskazini, ikipita karibu na mdomo wa Sabaki, ikanyooka na barabara ya ndege. Kimo cha mwisho, ambacho huruhusiwi kushuka chini yake kama hujaiona barabara, tukiite futi 500. Uwanja wenyewe uko chini ya futi 100 kutoka usawa wa bahari. Nukta ya kughairi ilikuwa mwanzoni mwa barabara. Maagizo ya kughairi yalikuwa sentensi moja: panda moja kwa moja hadi futi 1,500, kisha pinda kushoto, elekea nukta ya kungojea, panda hadi futi 3,000.

Ukiisoma vizuri sentensi hiyo ina mambo matatu, na yana zamu. Kupinda hakuanzi mpaka 1,500 ipatikane.

Brifingi

Wakiwa wanashuka kutoka bara, Kapteni alitoa brifingi. Uelekeo wa mwisho, kimo cha mwisho, mwendo, flapu za mabawa, yote yalitajwa kama inavyopaswa. Alipofika kwenye kughairi akasema: "Tukighairi, kushoto, elfu tatu." Maneno manne. Ile 1,500 ya katikati haikutajwa. Wala haikusemwa nani atagusa GPS, na lini.

Msaidizi alikuwa na tabia, aliyoipata shuleni, ya kuandika kughairi kwa penseli kwenye karatasi ya pajani. Aliandika "1500" akaizungushia duara, mshale wa kushoto, "3000" chini yake. Hakumkumbusha Kapteni. Nilipomuuliza sababu, alisema alidhani Kapteni amefupisha kwa makusudi kwa vile wote wawili wanaijua Malindi.

Mambo yalivyofuatana

Kila kitu kilikwenda kwa utaratibu mpaka maili za mwisho. Ndani ya maili 30 kipimo cha sindano, yaani umbali wa kutoka nje ya mstari unaoifikisha sindano mwisho wake, kilibana kutoka maili 5 hadi maili 1. Maili 2 kabla ya nukta ya kuanzia kushuka kikabana tena hadi 0.3, na kifaa kikaonyesha kwamba kiko kwenye hali ya kushukia. Otopailoti, mtambo unaoiendesha ndege wenyewe, ilikuwa inafuata sindano ya GPS, Kapteni akiishusha ndege kwa gurudumu la kasi ya kushuka. Futi 500 wakazishika mapema, otopailoti ikashikilia kimo.

Chini walikuwa wanaona vipande: minazi, paa za makuti, barabara ya magari inayong'aa kwa maji. Mbele walikuwa wanaona mvua tu. Msaidizi alikuwa anahesabu umbali kwa sauti. Zilipobaki maili 0.6, Kapteni akasema, "Hakuna kitu. Naghairi."

Akasukuma nguvu. Otopailoti haikuondolewa, na ilikuwa bado imeshikilia futi 500. Kwa sekunde nne au tano ndege ikakimbia badala ya kupanda, huku otopailoti ikivuta trimu (kirekebisha pua) kuelekea pua chini ili isipite kimo ilichoamriwa. Kapteni akagundua, akaikata kwa kitufe cha kwenye usukani, akavuta pua juu. Alivuta kidogo. Walipofika juu ya nukta ya kughairi, rekodi ya mwendo inaonyesha walikuwa futi 560.

Hapo hapo mambo mawili yakatokea kwa pamoja. Mnara ukauliza nia yao, na Kapteni, huku anaruka kwa mkono ndani ya wingu, akajibu mwenyewe: jina la ndege, anaghairi, anaelekea nukta ya kungojea, abiria wangapi, mafuta ya muda gani. Na kwenye GPS, juu ya kitufe cha OBS, zikawaka herufi SUSP, yaani mfuatano wa nukta umesimamishwa.

Msaidizi alikuwa amefundishwa kwamba ukighairi, ukiona SUSP, bonyeza OBS. Akabonyeza. Kifaa kikafanya kilichoandikwa kwenye kitabu chake: kikaacha mstari wa barabara, kikachora mstari mpya moja kwa moja kwenda nukta ya kungojea, na sindano ikakimbilia kushoto.

Kapteni akamaliza redio, akarudisha macho kwenye geji, akakuta sindano iko kushoto kabisa. Akaifuata. Bawa la kushoto likalala digrii 20 ndege ikiwa futi 610.

"Kapteni, elfu moja mia tano kwanza," alisema Msaidizi. Kwa sauti ya kawaida, anasema mwenyewe, kama mtu anayekumbusha jambo dogo. Hakujibiwa. Ndege ikaendelea kupinda. Akaitazama tena karatasi ya pajani, akapaza sauti: "Mabawa sawa! Panda!"

Hapo Kapteni akanyoosha mabawa. Walikuwa wamegeuka digrii kama 35 kutoka uelekeo wa barabara, futi 660, juu ya upande wa mjini. Pua ikapanda vizuri sasa, flapu zikapandishwa kwa hatua, na kasi ya kupanda ikazidi futi 900 kwa dakika. Kapteni akarudisha uelekeo, na walipopita 1,500 akapinda kushoto kama chati inavyotaka. Tangu neno "naghairi" hadi mabawa kunyooka haikufika dakika moja.

Uamuzi wa kwenda Mombasa

Kwenye nukta ya kungojea, futi 3,000, walikuwa kati ya matabaka mawili ya mawingu. Kwenye upenyo mmoja Msaidizi aliziona nguzo za majukwaa ya Ngomeni zimesimama ndani ya maji, yale ya San Marco ambako setilaiti zilikuwa zikirushwa, akasema, "Ngomeni hiyo." Wote wawili wanalikumbuka neno hilo. Lilikuwa la kwanza kusemwa kwenye kokpiti lisilokuwa amri tangu waghairi.

Mnara ukawaambia mvua bado iko juu ya uwanja, lakini upande wa bahari unaanza kung'aa. Walikuwa na mafuta ya kujaribu mara moja zaidi na bado kufika Mombasa na akiba kamili. Wengi wangejaribu. Kapteni akamuuliza Msaidizi, "Unaonaje, mdogo wangu?" Msaidizi akasema angependa Mombasa. Kapteni hakubishana. Walizunguka duara moja ili kupanga redio na chati kwa utulivu, wakaondoka.

Sababu waliyoandika kwenye ripoti ni hali ya hewa. Sababu walizonipa mimi ni mbili, na ya pili ndiyo nzito. Kwanza, Mombasa kulikuwa wazi, na kama kungefungika kuna ILS, mwongozo wa kutua kwa redio za uwanjani, kwenye barabara ya 03, yenye sindano ya kushukia. Pili, hakuna kati yao aliyeweza kueleza wakati ule kwa nini ndege ilipinda mapema. Kurudia njia ile ile na kifaa kile kile, huku hujui kilichotokea mara ya kwanza, hilo Kapteni alilikataa, na naona alifanya vyema kuliko jambo lolote jingine alilofanya asubuhi hiyo.

Abiria waliambiwa mapema na kwa ukweli: mvua imeziba uwanja, tunakwenda Mombasa, gari litawarudisha Malindi. Wa maziko alifika kwa barabara sala imeshasaliwa, watu wakiwa bado makaburini.

Matokeo

Hakuna aliyeumia, hakuna kilichoharibika. Marubani waliripoti wenyewe siku hiyo hiyo kupitia utaratibu wa usalama wa kampuni, na data ya mwendo ikapakuliwa. Bila data hiyo tungebaki na kumbukumbu mbili zisizolingana: Kapteni aliamini alianza kupinda akiwa juu ya futi 1,000.

Uchambuzi: kwa nini kifaa husimama

Watu wengi niliowafundisha huiona SUSP kama hitilafu ndogo ya kuondolewa haraka. Sivyo ilivyo. Kifaa kinasimamisha mfuatano wa nukta kwenye nukta ya kughairi kwa makusudi, kwa sababu kutoka hapo maagizo mengi huanza na kupanda hadi kimo fulani, na kifaa hiki hakijui kimo chako. Kinakuachia mstari wa barabara ukiendelea mbele, ili uwe na kitu cha kufuata wakati unapanda. Ukibonyeza OBS unakiambia: nimemaliza kupanda kwa kwanza, nipeleke. Kama hujamaliza, kitakupeleka vilevile. Ni kama punda wa Lamu: njia ya nyumbani anaijua, ila hajui kama mzigo umeshafungwa.

Kwa hiyo somo la "ukighairi bonyeza OBS" ni nusu ya somo. Nusu ya pili ni kwamba kidole kingoje kimo. Kwenye chati hii, kingoje 1,500.

Kuna mtego wa pili ambao hawa wawili waliukwepa kwa bahati tu. Kapteni alighairi maili 0.6 kabla ya nukta. Kama Msaidizi angebonyeza OBS pale pale aliposikia neno "naghairi", kabla SUSP haijawaka, kitufe hicho hicho kingefanya kazi nyingine: kingeingiza hali ya OBS, ya kuchagua uelekeo kwa mkono kuelekea nukta iliyo mbele, na kusimamisha mfuatano huko. Katikati ya wingu, hiyo ni fumbo. Vifaa vya baadaye kama GTN 650 na 750 hukuuliza kwa maneno kwenye skrini kama unataka kuanza kughairi, na vile vilivyounganishwa na kimo vinaweza kuongoza kipande cha kupanda. Hayo yanasaidia. Lakini rubani anayehama kila siku kati ya ndege yenye kifaa kipya na yenye cha zamani ndiye ninayemhofia zaidi, kwa sababu vidole huzoea kifaa kimoja.

Na kwa wanafunzi, jambo ambalo halibadiliki kwa kifaa chochote: ukighairi kabla ya nukta, panda mara moja, lakini usipinde mpaka uifikie nukta. Taratibu za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ndivyo zinavyotaka, kwa sababu eneo lililokaguliwa vizuizi limechorwa likianzia hapo.

Hesabu ndogo ya hatari

Njia za kughairi huchorwa kwa kawaida kwa mpando wa asilimia 2.5, ambao ni kama futi 152 kwa kila maili ya baharini. Wakiwa wanapinda, walikuwa wakipanda futi 250 kwa dakika kwa noti 110 (maili za baharini kwa saa) juu ya ardhi. Noti 110 ni maili 1.83 kwa dakika. Gawa: futi 136 kwa maili. Yaani walikuwa chini ya mpando uliokusudiwa, nje ya mstari uliokusudiwa, upande wenye minara ya simu. Mtu akiniambia pwani ni tambarare hakuna cha kugonga, nitampa hesabu hiyo.

Kwa nini alivuta kidogo

Kapteni ana uzoefu mkubwa na hajawahi kuogopa kuvuta pua. Anasema alihisi pua iko juu sana. Sikio la ndani haliwezi kutofautisha ndege iliyoinua pua na ndege inayoongeza mwendo ghafla. Kote kuwili unasukumwa nyuma kwenye kiti. Otopailoti ilipoikimbiza ndege kwa futi 500 kwa nguvu nyingi, mwili wake ulimwambia tayari anapanda. Ndani ya wingu hakuna upeo wa kumkanusha mwili. Ajali nyingi za kughairi, hasa usiku juu ya bahari, zimeanzia hapo, na mara nyingine rubani husukuma pua chini kabisa. Anayeondoka Manda, uwanja wa Lamu, usiku kuelekea maji na mikoko isiyo na taa anaweza kukutana na jambo lile lile.

Dawa ni geji ya upeo: unaweka pua kwenye alama unayoijua kwa nguvu unayoijua, kisha ndipo unasikiliza mwili, kama utausikiliza. Kapteni alikuwa anaijua alama hiyo. Ila jicho lake lilikuwa limeenda kwenye redio na kwenye sindano kabla halijatulia pale.

Redio

Jibu kwa mnara lilichukua kama sekunde nane. Neno moja, "subiri", lingetosha. Au Msaidizi angejibu, kama ilivyo kazi ya asiyeruka. Mwongoza ndege hakukosea kuuliza. Aliona ndege haijatua na alikuwa na nyingine inayosubiri. Ila rubani ndiye anayeamua lini anajibu.

Sauti ya pili

Nimesikia watu wakisema Msaidizi ndiye aliyekosea, kwa sababu alibonyeza. Siafiki. Alibonyeza alichofundishwa kubonyeza, na hakuna aliyempangia kimo cha kubonyeza. Halafu ni yeye aliyeiona hatari kwanza. Kinachonigusa ni sekunde zilizopita kati ya "Kapteni, elfu moja mia tano kwanza" na "Mabawa sawa! Panda!" Asubuhi ile ile alimwamkia Kapteni shikamoo, kama anavyomwamkia kila siku, na Kapteni ana umri wa baba yake. Kutoka shikamoo hadi kumpigia mzee kelele ndani ya saa mbili si safari fupi, na sitaki tujifanye kwamba kozi ya siku mbili ya ushirikiano wa kokpiti inaimaliza. Kilichosaidia ni ile namba yenye duara. Aliniambia, "Sikuwa nabishana na yeye. Nilikuwa namsomea karatasi."

Basi maneno hayo yapewe nafasi yake mapema. Kama kwenye brifingi Kapteni angesema "nikipinda kabla ya 1,500 niambie ninyooshe," ile sauti ya pili ingekuwa kazi aliyotumwa, wala isingekuwa ujasiri.

Uamuzi wa kughairi wenyewe

Ulikuwa sahihi, ila ulichelewa kidogo, na hapa pana jambo ambalo chati haikuonyeshi waziwazi. Kutoka futi 500, kuteremka futi kama 420 hadi barabarani kwa mteremko wa kawaida wa digrii 3 kunahitaji maili 1.3. Zilipobaki maili 0.6, hata mvua ingefunguka wakaiona barabara, wangelazimika kushuka kwa zaidi ya digrii 6 kuelekea barabara iliyolowa. Hilo linavutia watu kufanya mambo ya ajabu. Nukta ya kughairi iko mwanzoni mwa barabara, lakini nafasi ya kutua vizuri huisha kabla yake. Ukipita 1.3 huoni kitu, unachosubiri ni nukta tu. Wangeamua pale, wangepata zaidi ya sekunde ishirini za kupanga mikono.

Walichokibadilisha, na wasichokubaliana

Kampuni imebadilisha maneno ya brifingi. Sasa kughairi husomwa kutoka kwenye chati kipande kwa kipande, na kila kipande kina mwenyewe: anayeruka anataja nguvu, pua na kimo cha kwanza, asiyeruka anataja flapu, redio, na kimo ambacho atagusa kitufe cha GPS. Kitufe hakiguswi mpaka anayeruka aseme "endelea". Umbali wa kukata tamaa, ule wa digrii 3, unaandikwa pajani kabla ya kuanza kushuka. Mazoezi yanafanyika siku za anga safi, kwa kibali cha mnara, abiria hawamo, mpaka ile SUSP iwe kitu cha kutazamwa na kuachwa.

Jambo moja halijaisha. Kapteni anataka otopailoti ikatwe kabla ya mkono wa nguvu kusukumwa, kila mara, bila kufikiri, kwa kuwa ndiyo iliyomwibia sekunde za kwanza. Msaidizi anaona kinyume: katika mvua kama ile, anayeruka kwa mkono ndiye aliyefuata sindano, na otopailoti ikiwekwa kwenye hali ya uelekeo na kupanda ingeshikilia mabawa sawa huku wote wawili wakifikiri. Wote wana hoja. Mimi naelekea kwa Kapteni kwa ndege hii, kwa sababu otopailoti yake haina kitufe cha kughairi na inahitaji mibonyezo mitatu ili ianze kupanda. Ingekuwa na kitufe kimoja ningemfuata Msaidizi. Kwa sasa agizo ni kukata kwanza, kupanda kwa mkono hadi kimo cha kwanza, na kuirudisha ukishanyoosha mabawa. Litaangaliwa upya masika yakiisha, data ya safari za Malindi na Lamu ikishakusanywa.